Mwenye Neno na Mwenye Kinywa

Kila asimamaye mbele za watu na kusema maneno aliyotungiwa na mwingine huamsha swali la kale ambalo halijapata kuisha. Je, maneno yale ni yake? Yakiwa mema, asifiwe yeye? Yakiwa mabaya, alaumiwe yeye? Mimi sikulipata swali hili katika vitabu vya hekima. Nililipata kwa mwanafunzi, hapa Dodoma, siku tuliyokuwa tukijadili Hawala ya Fedha, tamthilia ya Amandina Lihamba iliyopigwa chapa mwaka 1980. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi kwamba mtunzi huyu ameonekana pia katika sinema, akisema maneno ya watunzi wengine. Binti mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, mtu awezaye kutunga maneno yake mwenyewe, kwa nini akubali kuwa kinywa cha maneno ya wengine?"

Nilijibu upesi, na jibu la upesi mara nyingi ni ganda lisilo na kiini. Nilisema kwamba katika nchi zetu kalamu haimlishi aishikaye, na mwenye njaa hachagui jiko. Darasa likacheka, kipindi kikaisha.

Jioni yule binti alinijia ofisini. Alisema hakuuliza kwa ajili ya mtihani. Watu fulani watengenezao sinema walikuwa wamempa nafasi ya kuigiza, kwa ujira ambao ungetosha kulipa ada yake ya muhula ule. Alitakiwa awe mwanamke wa Kigogo aombaye barabarani, aseme Kiswahili kilichopindwa makusudi ili watazamaji wacheke, na mwisho aonekane akizihesabu fedha zake kichochoroni kwa hila na furaha. Naye mwenyewe ni Mgogo, na bibi yake alimlea kwa jembe katika shamba la uwele. Akasema, "Maneno si yangu, Mwalimu. Nimeyakuta yameandikwa. Nikiyasema, kosa ni langu au ni la aliyeyaandika?"

Niliona haya kwa mzaha wangu wa asubuhi. Jambo nililolifanya la kuchekesha darasa, kwake lilikuwa mzigo. Nilimwomba anipe siku mbili. Insha hii ni matokeo ya siku mbili zile, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye.

Tuanze na shutuma ya kale kabisa, isemayo kwamba mwigizaji ni mwongo. Wayunani wa zamani walimwita mwigizaji hypokrites, na kutoka katika neno hilo lugha nyingi za Ulaya zimepata jina la mnafiki. Kwetu sisi, kuigiza kumezaliwa na kuiga, na twasikia watu wakisema juu ya aliaye msibani bila machozi, "Yule aigiza tu." Lugha zilizo mbali hivi zimekutana katika shaka moja, na shaka ya watu wengi haifai kupuuzwa. Lakini tukiitazama kwa makini twaona kwamba inachanganya vitu viwili. Mnafiki hulificha jukwaa lake. Aliyepaka uso na kupanda mbele ya watu amelitangaza. Baina yake na watazamaji yapo mapatano ya wazi, na palipo na mapatano ya namna hiyo hapana aliyedanganywa.

Tena tuna mfano ulio karibu nasi. Mzee wa Kigogo asiyejua Kiswahili asimama mahakamani, na kwa lugha yake akiri kwamba alimchukua ng'ombe wa jirani. Mkalimani ageuka kwa hakimu na kusema, "Nilimchukua ng'ombe wa jirani." Hapana askari amwendeaye mkalimani na pingu. Kila mtu aliye katika chumba kile ajua kwamba "mimi" ya mkalimani si nafsi ya mkalimani. Basi kusema neno la mwingine, kwa nafsi yako, kwa ulimi wako, peke yake si uongo wala si hatia.

Kama ningeishia hapa, ningemwambia yule binti aende akaigize kwa amani. Lakini mkalimani ameitwa na mahakama, ameapa kutoongeza wala kutopunguza, na akikataa kunena, yule mzee atanyimwa haki yake. Wajibu ndio umtoao hatiani. Mwigizaji hakuapishwa na mtu. Alipewa maneno akayasoma kwanza, akaulizwa kama ataka, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Udhuru wa mkalimani haumtoshi.

Kuna mfano mwingine umfaao zaidi. Wanawake wa Kigogo wapigapo ngoma ya muheme, mmoja huongoza wimbo na wengine huitikia. Maneno ni ya kiongozi. Sasa tuseme siku moja kiongozi atoe wimbo wa kumdhihaki yatima wa kijiji, na wenzake wamwitikie kwa nguvu mpaka wimbo usikike ng'ambo ya korongo. Kesho yake aweza mmoja wao kumwambia yule yatima, "Mimi sikutunga, niliitikia tu"? Kweli hakutunga. Lakini pasipo mwitiko, wimbo ule ungebaki sauti ya mtu mmoja. Yeye na wenziwe ndio walioufanya wimbo wa watu. Alilolitoa katika ngoma ile ni ridhaa yake, nayo ni mali yake mwenyewe, hakuazimwa na mtu. Kwa hiyo naona kwamba mwandishi hujibu kwa neno, na mwigizaji hujibu kwa ridhaa.

Hapana budi kulieleza jambo hili vizuri, maana laweza kupotoshwa. Sisemi kwamba amwigizaye mwovu ameuridhia uovu. Hilo lingeua sanaa yote kwa siku moja. Mwalimu Nyerere alipotufasiria mchezo wa Shakespeare na kuutoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, alitupa kazi ambayo lazima mtu mmoja asimame ndani yake akinoa kisu ili akate nyama ya mwenziwe. Ashikaye kisu kile hakuridhia kisu. Ameuridhia mchezo mzima, na lile ambalo mchezo unawatendea watu waliomo. Kwa karne nyingi wenye elimu wamebishana kama mchezo ule wamdhalilisha Myahudi au wamtetea, na mabishano yale hayakuamuliwa na karatasi peke yake. Kila mwigizaji aliyeichukua nafasi ile ameyapa jibu kwa sauti yake na macho yake. Basi swali la mwigizaji kabla ya kuridhia si "Je, mtu huyu ni mwema?" Swali ni "Je, mtu huyu ameachiwa kuwa mtu?"

Sasa nirudi kwa mtunzi aliyetuletea mjadala huu, kwa sababu njia aliyoipita yatoa mwanga zaidi ya hoja zangu. Amandina Lihamba alizaliwa mwaka 1944, akafundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kuwa profesa. Ametunga michezo, ameiongoza, na ameigiza. Mwaka 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, aliyoitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na mwaka 1992 ikatoka Mkutano wa Pili wa Ndege. Katika sinema alionekana katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na tena katika Maangamizi ya mwaka 2001, ambayo Tanzania iliipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar ya sinema za lugha za kigeni.

Tazama kwanza ile Hawala ya Fedha. Msingi wake ni kazi ya Ousmane Sembène wa Senegali, aliyeiandika hadithi yake kwa Kifaransa kisha akaifanya sinema ya Kiwolofu, Mandabi, mwaka 1968. Ni habari ya Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiyejua kusoma, aliyeletewa hawala na mpwa wake afagiaye barabara za Paris. Hawala imeandikwa jina lake, lakini hana kitambulisho. Na kila mlango abishao hudai karatasi ambayo hutolewa katika mlango mwingine. Mwisho fedha zaliwa na wajuao kusoma. Sembène aliiendea sinema kwa sababu watu aliowaandikia hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Na katika Mandabi yeye mwenyewe alionekana, akiwa katika nafasi ndogo ya mwandishi wa barua wa posta, yule aketiye na kalamu akiwaandikia watu wasiojua kuandika.

Sidhani kwamba yapo mafumbo mengi yaliyo mazuri kuliko hili. Mtunzi mkubwa, mwenye maneno yake ya kutosha, amechagua kuonekana kama mtu wa kuandika maneno ya wengine kwa ujira wa senti. Na Lihamba, alipoitia kazi ile katika Kiswahili na katika jukwaa la Tanzania, naye alifanya kazi ya mwandishi wa barua: aliichukua habari ya mzee wa Dakar akaifikisha kwa wazee wa huku, ambao nao wamepata kusimama dirishani wakiambiwa warudi kesho. Tukimuuliza, "Maneno haya ni ya nani?" tutapata shida ya kujibu. Ni ya Sembène, ni ya Lihamba, ni ya mwigizaji asemaye usiku wa leo. Na zaidi ya wote ni ya yule mzee asiyejua kusoma, aliyeyalipia. Kumbe hata mwandishi ni kinywa. Wengi wetu tutungao husahau jambo hili, tukadhani neno limeanza kwetu.

Katika Maangamizi hali iligeuka. Hadithi ile haikuandikwa na Lihamba. Iliandikwa na Queenae Taylor Mulvihill, ikaongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aitwaye Asira, akutana na mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mwanamke aliyejifungia katika ukimya, naye afungamana na mzuka wa kale aitwaye Maangamizi. Mgonjwa yule jina lake ni Samehe. Nafasi ya Samehe ndiyo aliyopewa Lihamba.

Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kuwatungia wengine maneno, hapa ameingia katika mwili wa mwanamke asiyesema. Amebakiwa na macho, mabega, na vidole. Mwandishi amezoea kwamba shida ya mtu katika mchezo hutatuliwa kwa kumpa neno la kusema. Samehe hana neno. Na lililomnyamazisha ni kubwa kuliko usemi wowote ambao mwandishi angemwazima. Naona hapa ndipo palipo na jibu la swali la asubuhi, kwa nini mwenye kutunga akubali kuwa kinywa cha mwingine. Atungaye daima ni kama mpishi asiyepata kula chakula chake kwa njaa ya mgeni: hajui kinavyoshuka. Akikubali kuwekwa chini ya neno la mwingine, hujifunza uzito wa neno linapobebwa, na hujifunza kunyamaza. Shakespeare naye aliigiza katika mchezo wa Ben Jonson mwaka 1598, na hatudhani kwamba alipungukiwa kwa sababu hiyo.

Lakini sitaki kuifanya hoja yangu nyepesi kwa kuficha upande wake mzito. Sinema ina hatari ambayo jukwaa halina. Jukwaani, alilokosea mwigizaji leo aweza kulisahihisha kesho. Sinema hukamata mara moja, na lililokamatwa huzunguka miji ambayo mwigizaji hatafika, hucheka na kulia mbele ya watu ambao hajawaona, hata baada ya yeye kuwekwa kaburini. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, twamwona mtu aliyetoa neno kisha akashindwa kulirudisha. Mwenye kuigiza mbele ya kamera yu katika hali hiyo kwa uso wake. Ridhaa aitoayo ni ridhaa ya miaka asiyoiona, na kwa hiyo yadai fikira nyingi kuliko ya jukwaani.

Hatari ya pili ni kwamba uso huimeza kalamu. Sam Shepard wa Marekani alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1979 kwa mchezo wake Buried Child. Mwaka 1983 aliigiza nafasi ya rubani Chuck Yeager katika The Right Stuff, akateuliwa kushindania Oscar. Alipofariki mwaka 2017 alikuwa ameacha michezo mingi. Hata hivyo hapana shaka kwamba wengi waliomtambua njiani hawakupata kusoma hata ukurasa mmoja wa maandiko yake. Na kwetu ambako vitabu ni vichache na simu zenye sinema zimejaa kila mfuko, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Umri wa mtu ni kipimo kimoja. Saa iliyotumika mbele ya kamera haikutumika mezani. Mwenye kusema kwamba kila tamthilia ambayo Lihamba hakuiandika ni hasara yetu, simwiti mpumbavu.

Jibu langu ni kwamba tukiihesabu kazi ya mtu kwa vitabu peke yake tutaacha nje sehemu iliyo bora. Mwaka 1996 Lihamba na Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando niliyemtaja juu, walianzisha katika shule za sekondari mradi ulioitwa Tuseme. Wasichana wa shule walikusanywa wataje wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, wayatungie michezo wenyewe, kisha wayaonyeshe mbele ya walimu na wenzao. Hakuna mtunzi aliyewapa maneno. Ukiipanga njia yote kwa maana yake, wala si kwa miaka yake, utaona inakokwenda: kwanza kusema kwa niaba ya wasiojua kusoma, kisha kuazima mwili kwa mwanamke asiyesema, kisha kukaa kando ili wasichana waseme. Anayepita hatua hizi hakuipoteza kalamu yake. Ameielewa kazi yake mpaka mwisho, maana mwisho wa kusema kwa niaba ya watu ni kuwarudishia watu vinywa vyao.

Baada ya siku mbili yule binti alirudi. Nilimwambia, "Mwanangu, neno si lako, lakini 'ndiyo' ni yako. Mwanamke yule uliyepewa, ameachiwa kuwa mtu?" Tukasoma pamoja kurasa alizopewa. Nchi hii ya kati ni kavu, na wenyewe twaijua njaa kwa jina. Iliyoitwa Mtunya ilikuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Maelfu walikufa, na waliosalia walikwenda kuomba chakula mbali na makwao. Mzaha wa Mgogo ombaomba umewakuta wazee wakiwa na makaburi yale nyuma yao. Mchezo waweza kumwonyesha mwanamke aombaye. Ni mtu, na habari yake yafaa kusimuliwa. Lakini katika kurasa zile hakuwa na kijiji alikotoka, wala mwaka wa ukame, wala mtoto, wala sababu. Alikuwa na lafudhi tu.

Sikumwambia akatae. Mimi si mlipaji wa ada yake, na ushauri wa mwenye mshahara kwa asiye nao ni jambo la kuogopwa. Alikwenda mwenyewe akaomba mambo mawili: kwamba mwanamke yule aseme Kiswahili kama bibi yake asemavyo, bila kupindwa, na kwamba aulizwe walau mara moja ametoka wapi. Wakamwambia kwamba hayo hayachekeshi. Akaiacha nafasi ile. Ada ililipwa kwa kuchelewa, kwa mchango wa ndugu, na muhula ule ulikuwa mgumu kwake.

Nafasi ilichukuliwa na binti mwingine, naye simhukumu. Ridhaa ya mwenye njaa ni nusu ya ridhaa, na nusu ya pili yamwendea aliyemwekea fedha mbele akijua hawezi kuzikataa.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa katika basi nikitoka Dodoma kwenda Morogoro, na sinema ile ikawekwa ili kuwaburudisha abiria. Niliitambua mara moja. Yule mwanamke akatokea, akasema neno lake lililopindwa, na basi zima likacheka. Nilikuwa nimeijua habari yote, nilikuwa nimezisoma kurasa zile kwa kalamu nyekundu, na nilikuwa nimemfundisha mtu mwingine maana ya ridhaa. Nami nilicheka pamoja nao, kabla sijajizuia. Kando yangu mzee mmoja aliyepandia Kibaigwa alikuwa akitazama nje dirishani, wala hakugeuka.

Tangu siku ile nimeongeza jambo la tatu katika hesabu yangu. Mwandishi hujibu kwa neno, mwigizaji hujibu kwa ridhaa, na mtazamaji naye hujibu kwa kicheko chake.